Vyuma Chakavu Vilivyomsahihisha Henry Ford

Plymouth ya kwanza ya kampuni ya Chrysler iliingia sokoni mwaka 1928 ikiwa na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Ford Model A, iliyokuwa ikishindana nayo kwa bei, ilikuwa na breki za fito: dereva akikanyaga pedali, vyuma virefu vilivyopita chini ya sakafu vilivuta mikono ya breki kwenye kila gurudumu. Henry Ford hakuhamia kwenye breki za mafuta mpaka magari ya mwaka 1939. Katika miaka hiyo kumi na moja kampuni yake ilitoa mamilioni ya magari yenye breki ambazo washindani wake walikuwa wakiziacha mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1939 ulipofika, magari hayo hayakutoweka barabarani. Yaliuzwa na kuuzwa tena, yakashuka bei, yakaangukia mikononi mwa watu ambao kiwanda hakikuwa na habari nao. Mengi kati yake hatimaye yalipata breki za mafuta, ila hayakupewa na Ford wala na serikali. Yalipewa na vijana waliokwenda kwenye yadi za magari yaliyogongwa, wakafungua breki za gari jipya lililokufa na kuzifunga kwenye gari kuukuu lililo hai. Kazi hiyo imezoeleka kusimuliwa ama kama ujanja wa wasio na fedha, ama kama wazimu wa wapenda mwendo. Ukiitazama historia yake kwa makini, utaona ni kitu kingine: yalikuwa masahihisho ya uamuzi mbaya wa kiwanda, na yaliwezekana kwa sababu ya ukaidi uleule uliozaa uamuzi huo.

Ili kuupima uamuzi wa Ford kwa haki, inafaa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Model T, iliyouzwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927 na kupita magari milioni 15, haikuwa na breki za mguu kwenye magurudumu kabisa. Pedali yake ilikaza mkanda ndani ya gia, na mkono wa pembeni ulifunga dramu ndogo mbili za magurudumu ya nyuma. Kwa gari lenye nguvu za farasi 20, kwenye barabara za vumbi, watu waliliona jambo hilo linavumilika. Wakati huohuo Malcolm Loughead wa California, ambaye pamoja na ndugu yake Allan alianza na ndege kabla jina la ukoo wao halijaandikwa Lockheed, alikuwa amepata hataza ya breki za mafuta mwaka 1917. Wazo lake lilitegemea kanuni ya Pascal: mgandamizo ukitiwa kwenye kimiminika kilichofungwa, husambaa sawasawa kila upande. Mguu unasukuma pistoni moja ndani ya masta silinda, na mafuta yanapeleka mgandamizo uleule kwenye silinda za magurudumu yote kwa mara moja. Duesenberg ilizitumia mwaka 1921 kwenye gari la matajiri, na mwaka 1924 Walter Chrysler akazileta kwenye gari la mtu wa kipato cha kati. Kwa hiyo Plymouth ya mwaka 1928 haikuwa jaribio. Ilikuwa hatua ya mwisho ya teknolojia iliyokwisha shuka kutoka kwa tajiri hadi kwa karani.

Ford alikuwa na sababu zake, na si za kudharauliwa zote. Breki za kwanza za Loughead zilizibwa kwa vikombe vya ngozi, na ngozi ilikauka, ikavujisha mafuta. Paipu moja ikipasuka, breki zote zilipotea kwa pamoja, ilhali fito moja ikikatika, nyingine bado zinavuta. Matangazo ya Ford ya miaka ya 1930 yalishikilia hoja hiyo, yakisifu usalama wa chuma kinachotoka kwenye pedali na kufika kwenye gurudumu bila kupitia kitu kingine. Lakini hoja hiyo ilizidi kupoteza nguvu mwaka hadi mwaka. Wahandisi wa Chrysler walikwisha kubadilisha ngozi kwa vikombe vya mpira, na uvujaji ukapungua sana. Chevrolet, mshindani mkubwa kuliko wote, ilihamia kwenye mafuta mwaka 1936. Chuma cha Ford nacho kilikuwa na maradhi yake. Fito hulegea kwenye maungio, na kila ekseli inapopanda na kushuka juu ya mashimo, umbali kati ya fito na gurudumu hubadilika, hivyo gurudumu moja hushika kabla ya jingine na gari huvuta upande. Fundi aliweza kuzisawazisha asubuhi, kisha barabara mbovu ikazivuruga kabla ya jioni. Kufikia mwaka 1938 ilikuwa vigumu kusema kwamba Ford anawalinda wateja wake dhidi ya hatari ya mafuta. Alikuwa akilinda msimamo wake.

Msimamo huo uliwagharimu zaidi wenye magari kwa sababu ya kitu kingine ambacho Ford mwenyewe alikifanya vizuri mno. Mwaka 1932 alileta injini ya V8 yenye nguvu za farasi 65 kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuimudu, na kabla muongo haujaisha injini hiyo ilikuwa imefikia 85. Injini ya Model A ilikuwa na 40 tu. Muda si mrefu vijana wa California walikuwa wakiitoa V8 kwenye gari lililogongwa na kuifunga ndani ya bodi nyepesi ya Model A, au wakiiongezea nguvu V8 iliyomo tayari. Hapo ndipo hesabu ya breki inapokuwa kali. Nishati ambayo breki inapaswa kuigeuza kuwa joto haiongezeki kwa kadiri ya mwendo, bali kwa mraba wake: gari lililokuwa likienda kilomita 60 kwa saa, likifika 120, linazidai breki kazi mara nne. Mtu aliyezidisha mwendo wa gari lake maradufu, akabakiza dramu za zamani na fito zake, alikuwa na gari ambalo kiwanda hakikuwahi kulifikiria na breki ambazo hazikuwahi kutengenezwa kwa ajili yake. Kiwanda kilikuwa kimempa nguvu bila kizuizi, na kizuizi ilibidi akitafute mwenyewe.

Alikipata kwa urahisi wa kushangaza, kwa sababu ya ukaidi wa pili wa Henry Ford. Tangu Model T hadi magari ya mwaka 1948, kampuni ya Ford iling'ang'ania ekseli nzima ya mbele iliyobebwa na springi moja iliyolala upande hadi upande, wakati wenzake walikuwa wakihamia kwenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Kilichofuata ni kwamba stabu, yaani kile kipande kinachoshika gurudumu la mbele na kugeuka pamoja na usukani, kilibadilika kidogo tu kati ya mwaka 1928 na 1948. Bamba linaloshika breki shu lilifungwa kwa boliti nne katika mpangilio uleule. Breki za mafuta za Ford za mwaka 1939 hadi 1948, zenye dramu za inchi 12, ziliweza kukaa kwenye stabu za mwishoni mwa miaka ya 1930 karibu bila kubadilisha kitu, na kwenye stabu za Model A na za V8 ya mwaka 1932 kwa pete ya kujazia nafasi ya beringi na marekebisho machache. Hata nati za magurudumu zilikubali: Ford ilikuwa imepotoka kidogo kati ya mwaka 1936 na 1939 kwa kutumia mzunguko mpana wa boliti, lakini mwaka 1940 ikarudi kwenye boliti tano za mzunguko wa inchi tano na nusu, uleule wa Model A. Ndiyo maana dramu za mwaka 1940 na kuendelea zilitafutwa kuliko za 1939. Pedali na masta silinda zilifungwa chini ya sakafu, kwenye chesisi, na wengi walipendelea seti iliyotoka kwenye pikapu ya Ford F-1 ya mwaka 1948 hadi 1952. Yule yule aliyewanyima wateja breki bora kwa miaka kumi na moja alikuwa, bila kukusudia, ameacha mlango wazi wa kuzipata, kwa kuwa alikataa pia kubadilisha chuma zilikofungwa.

Yapo mapingamizi, na la kwanza linahusu nia. Inasemekana vijana hawa hawakujali usalama hata kidogo. Walijali mwendo, na breki zilikuja baadaye kama wazo la mwisho. Kuna ukweli ndani yake. Chama cha Southern California Timing Association, kilichoundwa mwaka 1937, kiliendesha mashindano kwenye maziwa makavu kama Muroc, na baada ya vita El Mirage, ambako gari hupimwa likienda moja kwa moja na kuna maili za ardhi tupu za kupunguzia mwendo. Huko, breki hafifu zilivumilika. Lakini hoja hiyo inageuka dhidi ya mwenye kuitoa. Kama breki hazikuhitajika kwenye ziwa kavu, basi wale wote waliolala chini ya magari yao kufunga masta silinda na paipu walikuwa wakifanya kazi kwa ajili ya kitu kingine, na kitu hicho ni barabara ya mjini: taa nyekundu, mteremko, mtoto anayevuka. Gari lililoitwa hot rod lilikuwa, kwa wengi, ndilo gari pekee walilokuwa nalo la kwendea kazini. Kuhangaikia breki hakukuongeza hata kilomita moja kwenye mwendo wa juu kabisa. Mtu asiyejali chochote ila mwendo hana sababu ya kutumia mwisho wa juma na fedha zake adimu kwenye kazi hiyo.

Vita vya Pili vya Dunia viliifanya kazi hiyo ienee. Utengenezaji wa magari ya kiraia nchini Marekani ulisimamishwa Februari 1942 na haukurudi mpaka katikati ya mwaka 1945. Kwa zaidi ya miaka mitatu, gari lililokuwepo ndilo lililotumika, na kilichovunjika kilitengenezwa kwa kilichobaki. Askari waliporudi, wengi wao walikuwa wamefundishwa ufundi wa mitambo jeshini, na Ford za miaka ya 1939 hadi 1942 zilikuwa zimeanza kuingia kwenye yadi za vyuma kwa ajali na kwa uchakavu. Januari 1948 Robert Petersen alianzisha jarida la Hot Rod, na maarifa yaliyokuwa yakipita kwa mdomo kutoka gereji hadi gereji yakapata kurasa na michoro. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha kitaifa cha wenye hot rod, NHRA, na kuanzia mwaka 1954 chama hicho kilituma timu ndogo kuzunguka nchi, ikifundisha namna ya kuendesha mashindano yenye ukaguzi wa magari, kazi iliyofanywa kwa kushirikiana na polisi waliokuwa wamechoshwa na mbio za barabarani. Mtu anaweza kusema ukaguzi huo ulikuwa wa kujisafisha jina mbele ya umma uliowaogopa vijana hao, na kwa sehemu ndivyo ulivyokuwa. Hata hivyo gari lililopelekwa mbele ya mkaguzi lilipaswa kuwa na breki zinazoshika, na breki hizo, katika nyingi za Ford kuukuu, zilikuwa zimetoka kwenye mzoga wa gari jingine.

Ushahidi mzuri zaidi kwamba hii ilikuwa elimu na wala si kuokoteza unapatikana kwenye uchaguzi. Asiyejua hubeba chochote kinachoingia. Fundi huyu alichagua. Breki za mafuta za Ford za mwaka 1939 hadi 1948 zilikuwa za mtindo wa Lockheed, ambamo kila breki shu imefungwa kwenye pini yake, moja ikivutwa na mzunguko wa dramu na nyingine ikisukumwa nyuma na mzunguko huohuo. Zilishika vizuri, ila zilidai mguu mzito na urekebishaji wa uangalifu. Lincoln za miaka ya 1940, gari la kifahari la kampuni hiyohiyo, zilikuwa na breki za mtindo wa Bendix. Humo breki shu mbili zimeunganishwa chini na kuachwa zielee. Ya mbele inapovutwa na dramu inayozunguka, inaisukuma ya nyuma, na dramu yenyewe inaongeza nguvu ya kujifunga. Mguu uleule unatoa breki kali zaidi. Zaidi ya hayo, bamba lake lilikubali stabu za Ford. Kwa hiyo breki za Lincoln zikawa kitu cha kuwindwa, na bei yake ikapanda juu ya zile za Ford zilizolala yadi hiyohiyo. Tofauti hiyo ya bei ndiyo hukumu ya watu waliozijaribu zote mbili. Soko la vyuma chakavu lilikuwa limefanya kazi ambayo leo tungetarajia ifanywe na maabara, na lilifikia uamuzi ambao tasnia nzima ya Marekani iliufikia pia, kwani mtindo wa Bendix ndio uliotawala breki za dramu kwa miongo iliyofuata.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza: hakuna kiwanda kilichopima mchanganyiko huu. Breki za gari ni mfumo mmoja. Ukubwa wa pistoni ya masta silinda unapaswa kulingana na silinda za magurudumu. Nguvu ya mbele inapaswa kulingana na ya nyuma, maana magurudumu ya nyuma yakifunga kwanza gari hugeuka, mkia ukaja mbele. Mtu anayechukua kipande hapa na kipande pale anaweza kujitengenezea gari linalosimama vizuri polepole na kuua kwenye mwendo. Hatari hii ni ya kweli, na walioipuuza walilipa. Lakini desturi yenyewe ilizaa kanuni zake mapema. Ya kwanza ni kuchukua seti nzima: mbele, nyuma na masta silinda kutoka gari moja, ili uwiano uliopigiwa hesabu na kiwanda usafiri pamoja na vyuma. Ya pili ni kutenganisha kinachozeeka na kisichozeeka. Bamba, dramu isiyoliwa na chuma cha silinda vinaweza kutoka kwenye gari lililokufa. Vikombe vya mpira, mipira ya paipu na ngozi za breki shu vinanunuliwa vipya, kwa sababu mpira hauonyeshi uzee wake kwa nje. Ya tatu ni kutoa upepo kwenye mfumo na kuujaribu kabla ya kutoka barabarani. Kanuni hizi hazikuandikwa na serikali, na si kila mtu alizifuata, lakini kuwepo kwake kunaonyesha kwamba waliofanya kazi hii walijua mahali hasa ambapo hatari ilikaa. Zaidi ya hayo, mwenye kulinganisha lazima alinganishe na kilichokuwepo. Breki za mafuta zilizohamishwa hazikuwa zikishindana na breki kamilifu. Zilikuwa zikishindana na fito zilizolegea chini ya gari la mwaka 1931.

Wapo wanaojibu kwamba fito zilizorekebishwa vizuri huweza kufunga magurudumu yote manne, na gurudumu likifunga, breki haina la zaidi la kufanya. Ni kweli zinaweza. Ila kufunga gurudumu mara moja, kwenye lami kavu, kwa breki zilizotoka kusawazishwa, si kipimo cha breki. Kipimo ni kama zitashika sawasawa safari ya kumi kwenye mteremko, dramu zikiwa zimepata moto, baada ya mwezi wa mashimo. Kwenye kipimo hicho mafuta yalishinda, na uthibitisho ni kwamba viwanda vikubwa vya magari hatimaye viliziacha fito na kuhamia kwenye mafuta.

Sheria ilipoingia, iliingia kwa kutazama mbele tu. Kitabu cha Ralph Nader cha mwaka 1965 kilichowashutumu watengenezaji wa magari kiliamsha hasira ya umma, na Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya taifa ya usalama wa magari. Viwango vilivyotokana nayo vilidai kwamba magari mapya ya abiria, kuanzia Januari 1968, yawe na mfumo wa breki uliogawanywa, ili upande mmoja ukivuja mwingine ubaki. Hapo hofu ya zamani ya Ford kuhusu paipu inayopasuka ilipata dawa: masta silinda yenye vyumba viwili, ambayo Cadillac na Rambler zilikuwa nayo tangu magari ya mwaka 1962. Lakini viwango hivyo havikumgusa mtu mwenye gari la zamani. Serikali haikumwamuru abadilishe, na kiwanda hakikuwa na sababu ya kumtengenezea kitu. Iliyomfikia ni yadi ya vyuma. Masta silinda ya vyumba viwili iliyotoka kwenye Ford Mustang ya mwaka 1967 ikawa spea ya kawaida kwenye magari ya miaka thelathini kabla yake. Usalama ambao sheria iliupa gari jipya ulisafiri kurudi nyuma kwa njia ambayo sheria haikuichora.

Hadithi hiyohiyo ilijirudia breki za diski zilipokuja. Frederick Lanchester alipata hataza yake Uingereza mwaka 1902, lakini diski zilithibitika mbele ya dunia mwaka 1953, Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop iliposhinda saa 24 za Le Mans. Citroën DS ilizileta kwenye gari la familia mwaka 1955. Marekani ilichelewa: Corvette ilipata diski magurudumu yote mwaka 1965, na Mustang za awali nyingi zilitoka kiwandani na dramu, diski za mbele zikiwa za kulipia zaidi. Baadaye mwenye Mustang ya dramu alipata wokovu kwenye gari lisilo na sifa yoyote, Ford Granada ya mwaka 1975 hadi 1980. Sababu ni ileile ya zamani. Granada ilijengwa juu ya msingi uliotokana na Ford Falcon ya mwaka 1960, na Mustang pia ilizaliwa na Falcon. Ford ilikuwa imebana matumizi kwa kutumia umbo lilelile kwa miaka ishirini, na ubahili huo ukafanya stabu na diski za Granada zikubali kukaa chini ya Mustang, kwa marekebisho kwenye maungio ya usukani ambayo yakipuuzwa hulifanya gari litangetange kila linapopita kwenye tuta. Kwa mara ya pili, kile ambacho kiwanda kilikataa kukibadilisha ndicho kilichomwezesha mwenye gari kubadilisha breki.

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba kanuni hii haiwahusu Wamarekani na Ford peke yao. Wenye Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani lililotoka mwishoni mwa mwaka 1969, waligundua kwamba kalipa (vishikio vinavyoibana diski) za pistoni nne za Toyota Hilux ya magurudumu manne ya miaka ya mwanzo ya 1980 zinaingia mahali pa kalipa zao za pistoni mbili, matundu ya boliti yakilingana. Kampuni mbili zinazoshindana, na bado boliti zinalingana: aliyezitengenezea zote mbili kalipa alikuwa Sumitomo. Safari hii mwendelezo haukukaa kwenye kiwanda cha gari bali kwa msambazaji nyuma yake. Na safari hii pia mipaka ilionekana wazi. Pistoni nyingi zaidi zinataka mafuta mengi zaidi, hivyo pedali inazama mpaka masta silinda kubwa zaidi ifungwe. Na mbele ikiongezwa nguvu huku nyuma ikiachwa na dramu zake ndogo, nyuma hufanya kazi kidogo mno na gari halisimami kwa umbali mfupi kama mwenyewe anavyodhani. Ile kanuni ya kuchukua seti nzima ilikuwa imevunjwa, na gharama yake ikarudi kwa namna nyingine.

Msomaji anayeijua Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au soko la Kisekka la Kampala atakuwa amekwisha kuona undugu. Hilux na Land Cruiser zimetawala barabara zetu kwa sababu, pamoja na mengine, Toyota hubadilisha vyuma vyake polepole na spea ya mwaka mmoja hukubali gari la mwaka mwingine. Fundi wa huku anaisoma familia ya spea kama alivyoisoma kijana wa California, akijua kipi kinaingia wapi bila kufungua katalogi. Tofauti ni kwamba kwetu kazi nyingi ya vyuma vya mtumba ni ya kulirudisha gari lilivyokuwa, si ya kulipandisha juu ya lilivyokuwa, na serikali zimezoea kuutazama uzee wa gari kama tatizo lenyewe: Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi umri wa miaka minane. Historia ya breki inatoa onyo dhidi ya kipimo hicho kikichukuliwa peke yake. Ford ya mwaka 1932 yenye breki za Lincoln ilikuwa salama kuliko Ford mpya kabisa ya mwaka 1938. Umri wa gari na ubora wa breki zake ni vitu viwili, na mkaguzi anayepima cha kwanza bila kupima cha pili hajakagua kitu.

Kinachobaki ni kuuliza kama mlango huo bado uko wazi. Breki za leo hazitegemei boliti na paipu pekee. Kompyuta hupima mzunguko wa kila gurudumu na kuamua mgandamizo, na katika magari mengi kipande kilichotoka gari jingine hakitambuliwi mpaka kiandikishwe kwenye mfumo kwa programu ya mtengenezaji. Wapiga kura wa Massachusetts walipitisha mwaka 2012 sheria inayowalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi huru taarifa za matengenezo, na wakaipanua mwaka 2020. Watengenezaji wakapinga mahakamani kwa hoja ya usalama. Hoja yao inastahili kusikilizwa, kwa kuwa breki zinazoongozwa na kompyuta zikiharibiwa na asiyejua zinaweza kuua kama fito zilivyoua. Lakini ni hoja iliyosikika mara moja kabla. Henry Ford naye alisema anazuia mabadiliko kwa ajili ya usalama, na kwa miaka kumi na moja hakuwa sahihi. Waliomsahihisha waliweza kufanya hivyo kwa kuwa gari, likishauzwa, lilikuwa la aliyelinunua hadi boliti ya mwisho, naye aliruhusiwa kuifungua. Kiwanda kinaweza kukosea kama mtu mwingine yeyote, na gari ambalo hakuna awezaye kulirekebisha ila aliyelitengeneza litabeba makosa ya mtengenezaji wake mpaka siku litakapopelekwa kuyeyushwa.